Maana ya Tatu ya Kivuli

Dada yangu mpenzi,

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote tangu Mama atutoke. Nalitaja hapa juu kabisa, hata kabla ya shikamoo, ili nikifika katikati ya ukurasa nisijifanye nimelisahau. Linahusu lile bango la ngazini. Nitalifikia.

Sasa shikamoo. Hali yako, na kikohozi ulichosema kimekuganda kifuani, je, kimekuachia? Sisi huku wazima. Baba mzima wa mwili tu, na goti lake ni lile lile. Mimi bado uso unanipata moto mwalimu akinitaja jina, na bado wananiita Kamusi.

Nisamehe kwa mwandiko. Nina hasira, na kalamu imeshatoboa karatasi mara mbili.

Wewe unakumbuka kila kitu, lakini nataka niliandike mahali likae, maana hapa mjini wamelifuta. Mama alikaa juu ya zile ngazi za mawe zinazoshuka baharini, chini ya turubai la buluu lililofungwa kwenye mabomba manne, akiwatunzia waogeleaji nguo, viatu na miwani katika vikapu vyenye namba. Jua likichoma, watu waliambiana twende kivulini kwa Mama, hadi pale pakaitwa Kivuli cha Mama. Maji yakigeuka na kuanza kuvuta kwenda nje, alipiga karai kwa mwiko wa chuma, akatangaza kwamba wenye masikio watoke, na wasio nayo atawapelekea wake zao suruali. Walicheka, lakini walitoka. Miaka kumi na moja, hakuna kikapu hata kimoja kilichokosa mwenyewe jioni.

Na alikufa kwa figo, kitandani hospitalini, mkono mmoja umeushika wewe na mwingine Baba. Hakuzama. Mama kuogelea kwenyewe hakujua, maji yakimfika magotini anarudi.

Sasa sikia anavyosimulia yule mtembeza wageni mwenye fulana ya njano na mdomo usio na breki. Mwanzoni alisema mzuka wa pale ni wa bibi harusi aliyeachwa, akajitupa ngazini. Wageni walipozoea, akatia chumvi: kumbe alimtupa na mtoto. Siku hizi anasema ukisikia karai, ujue ni yeye anaita watu waingie majini. Waingie, Dada. Mwenye mgahawa naye ametundika karai kwa mnyororo pembeni ya bango lake la ngazini, mgeni apige, apigwe picha, acheke. Kuna hadi vikombe vyenye sura ya mwanamke mwenye nywele hadi kiunoni. Mama yetu, ambaye ulikuwa unamaliza kumsuka kabla chai haijachemka.

Haya yote nimeyavumilia. Jumapili ndiyo iliyonimaliza.

Nilikuwa nimekaa pale lilipokuwa benchi lake, nasoma. Alasiri maji yakageuka. Yule muuza kofia, unamjua, aliyekuwa akimwachia Mama meno yake ya bandia kila akienda kuoga, aliyaona kabla ya wote. Akalikimbilia karai, akalipiga kwa nguvu zake zote. Zamani bahari ingekuwa tupu kabla hajachoka mkono. Safari hii watu walicheka. Waliokuwa ngazini wakashuka majini wameinua simu juu, na yule wa fulana ya njano akawapigia kelele kwa lugha mbili kwamba leo wana bahati, watamwona.

Msichana mmoja wa rika langu, katika wageni, akavutwa hadi ng'ambo ya jiwe la mwisho.

Mimi, ambaye darasani nikiitwa hata neno nipo halinitoki, nilisimama nikapiga kelele. Kwanza kwa lugha yetu, kisha kwa yao, kwamba maji yanavuta, watoke. Walitoka. Muuza kofia na wanaume wawili wakamfikia yule msichana kwa kamba, wakamlaza ngazini akatapika maji. Mama yake alikuwa amemvua kiatu kimoja, anakisugua kwa kiganja kana kwamba ndicho chenye baridi. Na yule mtembeza wageni akawageukia watu wake akawaambia mzuka umemkosa kidogo tu.

Nilimwambia ni mwongo. Akaniuliza, anatabasamu, mimi ni nani hata nimjue mwanamke huyo kumshinda yeye. Dada, sauti iliyowatoa watu arobaini majini ilikataa kusema kwamba mimi ni mwanawe. Niliokota daftari langu nikaondoka, na tangu siku hiyo silali vizuri.

Nilimsimulia Baba. Kesho yake hakufungua kibanda chake cha kutengeneza saa. Alivaa shati lake la mikono mirefu akaenda kwa mwenye mgahawa kumwomba ashushe bango na karai. Yule bwana alimkaribisha kwa heshima zote, akatoa karatasi, akamkumbusha kwamba aliomba kutumia jina la mahali, na Baba mwenyewe akatia sahihi. Hakuongeza wala kupunguza, alisema, bango linasema jina tu. Unajua Baba anasoma lugha yetu peke yake. Ule mstari wa chini wa bango, wa lugha ya wageni, kwake ni kama maua ya pambo.

Alirudi akaniambia kumbe wewe ulikuwa na haki. Kwamba alimuuza mkewe bila kusoma, na kwamba miaka hii miwili usiyompigia simu amestahili. Anataka kukuandikia akuombe msamaha.

Asikuombe. Hapa ndipo nilipokuwa napakwepa.

Wiki mbili baada ya maziko, mwenye mgahawa aliniita. Alitaka bango la lugha mbili, na alisikia mimi ndiye Kamusi. Akaniuliza Kivuli cha Mama wageni watakisemaje. Nilifungua kamusi yangu mbele yake. Maana ya kwanza, mahali jua lisipofika. Ya pili, umbo jeusi linaloufuata mwili. Ya tatu, mtu aliyekufa anayeonekana. Kila moja ina neno lake katika lugha yao, na mimi nikamwandikia la tatu, kwa herufi kubwa, ili mchoraji asikosee.

Ungeweza kusema ni kosa la mtoto wa miaka kumi na mitatu. Nami nimejiambia hivyo mara nyingi. Lakini neno la kwanza nililijua tangu darasa la pili. Niliona turubai limeshashushwa na mabomba yamebaki matupu, na sikutaka pale paandikwe kitambaa cha kuzuia jua. Nilitaka paandikwe kwamba bado yupo. Wageni walisoma, wakauliza mzuka uko wapi, na wa fulana ya njano akawapa. Wewe ulipoliona bango ukamtukana Baba sebuleni, mimi nilikuwa nyuma ya mlango, nimeshika kamusi ile ile.

Kwa hiyo mkasirikie anayestahili. Hata wewe nimekukasirikia, maana uliondoka bila kuniuliza, na mimi ndiye mtu pekee nyumbani aliyeweza kukujibu. Mpigie Baba. Kesho nitakwenda na muuza kofia kwa mwenye mgahawa, nimweleze neno hilo lilitoka wapi, na nimwambie mimi ni nani.

Baba amefunga kibanda, namsikia kwenye ngazi za nyumba. Hatua mbili tatu za kandambili, anapumzisha goti, kisha tena. Siku zote akikaribia naificha barua ninayokuandikia chini ya atlasi. Leo atlasi iko rafuni. Nimeandika kwa lugha anayoisoma, na ukurasa huu ndio ulio juu.

Wasalimie wote hapo kwako. Baba hajasema nikusalimie, lakini mkono wake umeshagusa kitasa.

Ni mimi mdogo wako,
Kamusi