Upande wa Pili wa Santuri ya Isom Tarver

Umetimia mwaka leo, Isom, tangu ulipotutoka Ijumaa ile asubuhi, tarehe 11 Machi 1988, hospitalini, kwenye kitanda cha pili kutoka dirishani.

Watoto walitaka tangazo fupi: picha yako ya suti ya kijivu, mstari mmoja wa Zaburi, basi. Nimewaambia hili naliandika mwenyewe, na atakayeona ni refu asisome.

Kwanza yale yanayojulikana. Ulikuwa shemasi wa kanisa letu kwa miaka thelathini. Ulikuwa fundi wa mashine za kuchambua pamba, na hakuna mjane kwenye barabara yetu hapa Mississippi aliyewahi kulipa mtu kumtengenezea pampu wakati wewe ungali hai. Mkate wa mahindi uliuvunjavunja ndani ya glasi ya maziwa mgando, ukala kwa kijiko changu cha wageni, kwa makusudi, ili nikugombeze. Nikikugombeza unasema, "Hicho kijiko ndicho kinacholeta utamu, Zella."

Na ulikuwa na ule mguu. Kila Jumapili kabla ya kanisa, ukiningoja nimalize kuvaa kofia, mguu wako wa kulia ulikuwa unagonga chini ya meza. Unakwenda vizuri, unakwenda, halafu unasimama palepale unaposimama siku zote. Wewe unatikisa kichwa, unaanza upya.

"Isom, tuliza huo mguu, unanitia wazimu."

"Samahani, mke wangu."

Unatulia. Jumapili inayofuata ni yaleyale. Mimi nilidhani ni mishipa.

Sasa yale yasiyojulikana. Mwaka 1951, kabla hujaokoka, ulikwenda Memphis na yule mwimbaji mnene, Rufus Kimbrell, mkarekodi santuri moja ya muziki wa bluzi. Upande wa kwanza aliimba yeye, wewe ukampigia gitaa. Muda ukabaki, mwenye studio akakwambia upige chochote peke yako, ili upande wa pili usibaki mtupu. Ukapiga. Upande wa kwanza ulichezwa kwenye mashine za senti vilabuni huku kwetu kwa msimu mmoja wa pamba, kisha ukasahaulika. Wa pili hakuna aliyejisumbua kuugeuza. Hata mimi mkeo sikuugeuza. Nilikuwa na hasira. Nilitaka mume, sikutaka mpiga gitaa wa vilabuni.

Mwaka 1953 ukabatizwa. Gitaa ukaliuza wiki ileile, ukarudi nyumbani ukaniambia, "Zella, na ile santuri ivunje. Nimeapa mbele za watu, sitaki ilale humu ndani."

Nikakujibu kesho yake kwamba nimeshaivunja. Sikuivunja. Ilikuwa na jina lako, herufi ndogo za dhahabu chini ya jina la yule mnene, na sikuwa nimewahi kuona jina la mtu wetu limechapwa popote isipokuwa kwenye matangazo ya mazishi. Niliificha nyuma ya picha ya Bwana akiwa mezani na mitume wake, ile iliyokuwa juu ya kitanda chetu. Miaka thelathini na mitano ulipiga magoti chini yake kila asubuhi.

Mwezi Mei, wiki nane baada ya kukuzika, Lonzo kinyozi alikuja na bahasha. Alisimama barazani, kofia mkononi.

"Dada Tarver, hii ni ya Shemasi. Barua zake zilikuwa zinapitia kwangu."

"Barua gani? Za mwanamke?"

"Zingekuwa za mwanamke ningezichoma, nisingekuletea."

Ilitoka kwenye duka moja la santuri za zamani huko Memphis. Walikuandikia kwamba wanasikitika, mwaka huu pia hawajaipata santuri yako, na hawajakutana na mtu aliyewahi kuisikia.

"Mwaka huu pia?" nilimuuliza Lonzo. "Kwani ameandika mara ngapi?"

"Kila Januari, tangu mwaka sabini na moja." Akakaa kwenye ngazi bila kukaribishwa. "Alisahau mwisho wake, Dada. Ule wimbo aliopiga peke yake. Mwanzo anao, katikati anayo, akifika mahali fulani anapotea. Aliniambia ndicho kitu pekee alichowahi kukitengeneza kikatoka kizuri. Alitaka ausikie unavyoishia, mara moja tu, halafu auache."

"Na mimi kwa nini asiniulize?"

"Akuulize nini? Si alikuamuru uivunje? Aliona haya."

Na mimi nikaona haya kukwambia nilikudanganya. Watu wazima wawili, kitanda kimoja, na kitu chenyewe kipo juu ya vichwa vyetu.

Jumamosi Lonzo alirudi na gramafoni yake ya zamani. Verdie, binti yetu, aliishusha picha. Santuri ilikuwa nzima, haina hata ufa. Tukaiweka upande wa pili, tukakaa.

Isom, mimi mambo ya muziki siyajui. Gitaa lilianza taratibu, kama mtu anayefungua mlango asiamshe watoto. Halafu chini yake nikausikia mguu. Mguu wako, mdundo uleule, unakwenda, unakwenda. Ulipokaribia pale unaposimama, nilishika meza. Haukusimama. Ulipita.

"Mama," Verdie alisema, "kumbe Baba alikuwa hivi?"

Lonzo alikuwa ameinamisha kichwa. "Na sisi wajinga senti zetu zote tulimpa yule mnene," alisema.

Ni muziki mzuri. Naliandika hilo hapa gazetini ili mtu mmoja angalau awe ameliandika.

Siku yako ya mwisho mguu haukuwa na nguvu tena, ukawa unagonga kwa vidole kwenye chuma cha kitanda. Ukafika palepale, ukakwama, ukaanza tena. Nilivifunika vidole vyako kwa mkono wangu, nikakwambia, "Tulia, mume wangu. Pumzika." Ukatulia, kama ulivyonitii siku zote. Nyumbani kwetu, santuri ilipokuwa, ni mwendo wa dakika ishirini kutoka hospitali ile. Sitajisamehe, na nisiombwe nijisamehe.

Mchungaji ananiambia huko uliko unausikia. Mimi sina hakika, na sitadanganya mara ya pili.

Juzi nilikwenda kaburini kukugongea mwisho wa wimbo wako kwa kisigino. Baada ya pale unapopotea, wimbo unashuka pole pole mpaka kwenye waya mmoja mnene wa gitaa, kisha mguu mara mbili, basi. Hauna ugumu wowote. Nilirudia mara tatu. Udongo ulikuwa umelowa mvua, haukutoa sauti.

Unakumbukwa na mimi mkeo, Ozella. Watoto wako Verdie na Hosea. Kaka yako Cleophus. Wajukuu wako watano. Na Lonzo, aliyekutunzia siri vizuri kuliko nilivyokutunzia mimi.

Kila Jumapili kabla ya kanisa, meza ikiwa kimya, tutakukumbuka.