Siku Arobaini za Rafuni

Jumatatu, 4 Machi
Somo la tano la biashara changa. Kocha kasema: ukisubiri bidhaa iwe tayari, umeshachelewa. Iuze mbichi, mteja ataiivisha. Nimeandika, nimepiga mistari miwili chini yake. Halafu nikauliza: yeye mwenyewe aliwahi kuuza nini? Akajibu kwamba biashara yake ni kutushauri sisi. Darasa zima likacheka, mimi pia. Nilipofika nyumbani ndipo nilipoacha kucheka.

Wiki ya tatu hii tangu niache ukarani nikauze sabuni za shangazi. Nao ulikuwa ushauri wa kocha: mwenye mguu mmoja ofisini hafiki popote. Yeye ameajiriwa na waandaaji wa mafunzo.

Jumanne, 5 Machi
Nimemweleza shangazi. Alikuwa anakata sabuni, hakuinua hata macho. Sabuni yake hukaa rafuni siku arobaini, kostiki, ile dawa kali ya kutengenezea sabuni, iishe ukali, kisha anaigusa kwa ncha ya ulimi. Ikichoma, inarudi rafuni. Miaka ishirini hivyohivyo, hana kipimo kingine.

"Sabuni haina haraka," kasema. "Mwenye haraka ni wewe, na wewe nawe bado mbichi."

Nikataka kumwambia jinsi kocha anavyoiona ile ya haraka haraka haina baraka — eti ndiyo methali iliyotukalisha nyuma. Lakini bado napenda kuishi nyumba hii.

Alhamisi, 7 Machi
Mkunga wa zahanati kapiga simu. Sabuni za wodi ya wazazi zinakaribia kwisha. Anataka sitini, kesho, na akizipenda atachukua kila mwezi. Kila mwezi!

Zilizokomaa tunazo nane. Kwenye rafu ya juu zipo sitini na nne, zina siku kumi na moja tu. Na shangazi kang'olewa jino, shavu limevimba, halambi kitu hadi Jumapili.

Nikampigia kocha. Msikilize mteja, kasema. Tena biashara inayotegemea ulimi wa mtu mmoja si biashara. Anaongea vizuri, lazima nikiri.

Ijumaa, 8 Machi
Nimepeleka zote sitini. Shangazi alikuwa amelala. Mkunga kanusa, kafurahi, kaniita mkurugenzi. Sijawahi kuitwa mkurugenzi na mtu yeyote. Ataanza kuzitumia Jumatatu.

Ningeweza kulamba moja mwenyewe. Wazo lilinijia, nikalifukuza.

Jumapili, 10 Machi
Shavu la shangazi limeshuka. Kitu cha kwanza alichotazama: rafu ya juu. Ziko wapi? Nikasema zimepata mteja. Hakufoka. Heri angefoka. Akachukua moja kati ya zile nne zilizobaki, akaigusa kwa ulimi, akatema, akasukutua. Kisha akaninyooshea mimi.

"Haya, mkurugenzi. Onja biashara yako."

Nani kamwambia kuhusu mkurugenzi, sijui. Labda nilijitapa mwenyewe.

Imenichoma hadi machozi. Ulimi wa mtu mzima, aliyezoea chai ya moto! Nimeona aibu, na chini ya aibu, hofu.

Akauliza nani kazichukua. Nikamwambia. Akakaa juu ya ndoo. "Watoto wachanga?" Akarudia: "Wachanga?" Simu ya mkunga haipatikani. Tukaenda mpaka zahanati. Mlinzi akasema stoo imefungwa, ufunguo anao mkunga mwenyewe, anaingia asubuhi.

Jumatatu, 11 Machi
Naandika nikiwa kwenye benchi la zahanati. Tumefika saa kumi na mbili kasorobo, na mkunga katutangulia — kuna mama kajifungua alfajiri. Shangazi, ambaye mtaa mzima unamwita mpole, kamsukuma mlinzi na kupita, viatu mkononi. Baadaye katoka na boksi, kaliweka mapajani mwangu, karudi ndani mbio. Sijawahi kumwona akikimbia.

Nimehesabu vipande. Hamsini na tisa. Nimevipanga upya juu ya benchi, kumi kumi, nikahesabu tena. Hamsini na tisa.

Simu imetetemeka. Kocha: vipi, mteja wa kwanza anasemaje?

Huko ndani mtoto analia. Wachanga wote hulia. Nimelaza simu kifudifudi, namsikiliza huyu analia vipi —