Nyumba ya Kalunguta mu simu

Mususa, Butembo, siku ya ine

Mudogo wangu Éliakim,

Nisamehe. Ni wiki tano tangu uliuliza kama niliona muchezo yako, na mimi sijaandika. Barua hii nilianza mara tatu, kila mara mutoto wangu Christa alilia ao nguvu iliniishia. Unaendelea namna gani huko Kampala? Masomo inaenda? Sisi tuko, Mungu anatulinda. Christa anaota meno, halale, na mimi silale. Nakuandikia ku karatasi, sababu ukuta yetu ni ya mbao: nikikutumia sauti, papa anasikia yote. Salomon mwenye duka hapa anakuja huko kesho kununua vitambaa, njo atakupa mu mukono.

Muchezo ilifika. Ulisema ulitumika kazi mwaka muzima ili jani moja ishike umande, na mwalimu wako anasema muchezo ya video ya kweli ni ile mutu hawezi kutofautisha na picha. Nilifungua, nikakaa chini. Nyumba yetu ya Kalunguta, mabati yenye kutu upande ya jiko, muti ya avoka, kahawa yote nyekundu. Nilitafuta kosa, sikuona, isipokuwa hakuna mutu hata mumoja.

Papa naye akaona. Unajua tangu tulikimbia vita kule anakaa ku kiti kama mugeni, anaonja bugali mara mbili, anasukuma sahani. Siku ile alininyanganya simu. Aligusa kioo, picha ikatembea mpaka ku mulango ya jiko, akacheka, akasema simu za sasa zinatii kuliko batoto yake. Kisha akauliza nani analinda shamba, juu kahawa imeiva vile na hakuna mwenye kuvuna, siku tatu tu itaanguka yote. Jioni alimaliza sahani, akaomba ingine.

Asubui yake kiti ilikuwa tupu. Alibeba vikapu viwili akapanda piki mpaka Kalunguta, kule hata basoda benye bunduki banatembea kwa kundi. Siku mbili nilizunguka na mutoto ku mugongo, nauliza kila mwenye piki. Mumoja aliniambia alimushusha muzee wa vikapu, akamuonya, na muzee alimujibu kama yeye haende kutembea, anaenda kuvuna.

Alirudi kwa miguu, vidole vimevimba. Nyumba hakuna, Éliakim. Ni mawe matatu ya jiko na majani mpaka ku kifua. Nilifikiri atalia. Hapana. Anasema alikosa njia, eti alifika ku kilima ya batu bengine, juu nyumba yake aliiona mu simu kwa macho yake. Lundi, kesho yake siku ya Mungu, anarudi kule. Vikapu viko ku mulango.

Sasa niseme kile niliogopa kuandika. Nilitaka kukutupia hasira yote: kwa nini hukuchora nyumba kama mutoto wa primaire, mutu aone ni muchoro? Lakini si wewe ulimudanganya. Aliponiuliza kama ile ni picha ya leo, mimi njo nilijibu ndiyo, jirani mumoja alituma. Alikuwa anakula, Éliakim. Alikuwa anatafuna na kucheka, na mimi sikuweza kuzima ule uso. Tangu arudi namupakaa mafuta ku miguu, na ukweli bado sijamwambia.

Ufundi yako siyo mubaya. Uliweza, na najivunia. Lakini muchezo ikifanana na kweli vile, inataka mutu pembeni wa kusema hii siyo kweli. Mimi nilikuwa pale, nikasema ni kweli. Siku ya Mungu, kisha ibada, nitamwambia mwenyewe. Maneno yangu matupu hatasadiki, basi unisaidie.

Salimia benye unakaa nabo. Christa anakuwekea alama ya mukono yake hapa chini, siyo uchafu. Yenye nangojea kwako ni hii: video ya namna ulijenga ile nyumba, ianze na mistari mitupu, kisha kuta, kisha rangi, majani mwisho, polepole, na mikono yako ionekane. Sauti yako, umwambie papa wewe njo uliitunga. Hizo mbili zifike mu simu siku ya sita, mbele ya ibada, usikawie. Kisha Salomon arudi na dawa ya fizi ya Christa, na mafuta ya miguu, hata chupa ndogo.

Yaya yako, dada mukubwa,
Rébecca