Niliyoyasikia Nikimenya Viazi

Mama Neema,

Kuna jambo nimekuficha tangu tulipohama mtaa wa Tensta kuja kuishi huku mashambani, nje ya mji. Sasa kifua hiki hakinipi hata pumzi ya kufika kwenye banda la kuni, kwa hiyo afadhali niliseme. Kiswidi nakisikia. Nakisikia chote.

Nilikisoma kwenye magazeti ya kuwashia jiko, yale aliyokuwa akituletea jirani. Ulikuwa ukiniita kutoka chumbani, umejifunika blanketi hadi puani: "Mwalimu! Unawasha moto ao unasoma?" Nilikuwa nasoma, mke wangu. Ukurasa mmoja, kisha naukunja, natia moto. Kukisema ndiko kulikonishinda. Ningefungua kinywa na kusema Kiswidi, ningekuwa nimekubali kwamba tumefika, kwamba hatuko safarini tena.

Unakumbuka Bukavu tulivyokuwa tukimficha Neema mambo kwa Kifaransa? Bei ya nyama, ugomvi wa shangazi, yote kwa Kifaransa, na yeye ametukodolea macho. Huku ulinigeuzia mchezo ule ule. Wewe na binti yako mlikuwa na lugha yenu, na mimi ndiye nikawa mtoto mezani.

Tangu uondoke, nyumba imepoa. Bomba la jikoni liliganda kwa sababu nilisahau kuliacha lidondoshe maji usiku, kama ulivyozoea. Neema anakuja Jumamosi kutoka Farsta, anazoa theluji mlangoni kwa sepetu, ananipikia sombe, majani ya muhogo yaliyogandishwa ya dukani. Haiwekei mawese ya kutosha. Namwambia ni tamu.

Lakini sikuandika ili nikulalamikie sombe.

Ilikuwa Jumapili, theluji imefika kwenye kizingiti cha dirisha. Neema alikuwa amekuja kututembelea. Mimi nilikuwa nimekaa karibu na jiko, namenya viazi. Ukamwambia kwa Kiswidi, bila hata kushusha sauti, kwamba ukifa hutaki kurudishwa Bukavu. Unataka kulala pale kwenye makaburi ya kanisa la barabarani, mahali ambapo watu huwasha mishumaa kwenye theluji. Kule nyumbani hakuna tena wa kung'oa majani, ulisema, na hapa mtoto atakuja. Kisha ukaongeza: "Säg inget till pappa." Usimwambie baba.

Neema aliniangalia. Niliinamia kiazi.

Na Bahati wetu je, Mama Neema? Tulimzika Bukavu kabla hajajua kutembea. Tuliapa tukiwa na udongo mikononi kwamba sisi sote wawili tutamfuata pale pale, mmoja kila upande. Wewe ndiye uliyetamka kiapo, mimi nilikuwa nalia, sikuweza. Halafu unakivunja jikoni mwangu, mbele yangu, kwa lugha uliyodhani haina masikio! Kisha ukanigeukia ukacheka: "Baba Neema, hivyo viazi unavimenya ao unavichonga sanamu?"

Nilingoja. Kila jioni tulipokaa karibu na jiko, soksi zetu zikining'inia juu yake, nilidhani leo atasema. Ulisema juu ya ndege walao mbegu nje ya dirisha, ulisema juu ya kwaya, ulisema habari za mgongo wako. Nikakutilia chai, nikangoja tena. Ulipolazwa hospitali nilikushika mkono nikakuuliza kama kuna neno. Ukasema, "Funika vizuri maboga yasipate baridi." Hilo ndilo neno lako la mwisho kwangu lililo timamu. Maboga.

Basi ulipofariki, Neema akaja akasimama mlangoni, hata koti hajavua. "Baba, mama alisema..." Nikajifanya nashangaa. Mwalimu mzima, naigiza mbele ya mtoto wangu. Tukakuzika pale ulipotaka, nami nikashika kofia mkononi kama mgeni aliyekuja kwenye msiba wa watu.

Nimekuwa na hasira na wewe msimu huu wote. Bado ninayo. Nikipita kwenye kiti chako siwezi kukiangalia.

Hata hivyo Jumamosi iliyopita nilimwambia Neema anilaze kando yako. Nilimwambia kwa Kiswidi. Akaangusha mwiko. Nimemwomba pia ampate mtu Bukavu wa kuangalia kaburi la Bahati, na ameniahidi. Mimi nakuahidi wewe kwamba nitakuja, ila nitakuja na kinyongo changu, usitegemee maneno matamu.

Lala salama, Mama Neema. Limebaki moja, ambalo sikutaka kulijua. Kama ungeniomba uso kwa uso, ningekataa. Ungelia, na ningekataa. Ungekufa, na ningekupakia kwenye ndege kwenda Bukavu.