Kuku wa Chwele na Nambari Sita

S.L.P. 2906,
Kitale.
14 Novemba 2025

Mpendwa Pauline,

Pokea salamu za Kitale, za baridi ya asubuhi na mahindi yanayoanikwa na kuanuliwa kila wingu likipita. Hali yako je? Joto la Doha limepungua? Wagonjwa wako hawajambo? Na ule mgongo uliokusumbua mwezi wa nane, umepona? Sisi ni wazima. Anti yako Sellah ni mzima pia, ila amechoka na mimi, na hilo si jambo jipya.

Najua barua hii inakushangaza. Nani anashika kalamu siku hizi? Lakini umenifungia kila mlango mwingine, mtoto wa dada yangu. Yule mtu aliyekuomba nambari, ukamwambia, "Mkora wewe, tafuta kazi!" ukamkatia simu, alikuwa ni khocha wako, mjomba wako wa damu. Nilikuwa nimeazima simu ya jirani yetu Kipkirui kwa sababu yangu haikuwa na kredo. Nilipopiga kwa laini yangu mwenyewe nikawa nimechelewa. Ulishaandika kwenye kundi la familia ati laini ya khocha imeibiwa, asijibiwe. Sellah alipojaribu kunitetea, ukamuuliza kama na yake pia imeibiwa. Nilimfuata mama yako mpaka Bungoma. Akanipikia vizuri, akanitazama juu mpaka chini, akasema, "Wewe ni wewe, Mukhisa. Lakini hiyo laini yako, mimi sijui."

Sikulaumu. Ni wewe uliyenifundisha Krismasi iliyopita. Ulisema wezi siku hizi wanahamisha laini ya mtu, na ule ujumbe wa nambari za kufungulia akaunti ya barua pepe unaingia kwao. Ukaniondolea njia ya ujumbe, ukaniwekea programu ya watu wengine kabisa, si ya wenye akaunti wala si ya kampuni ya simu, inayotoa nambari sita na kuzibadilisha kila nusu dakika. Nilikuwa naifungua bure tu, nione zikibadilika, kama mtu anayetazama ng'ombe wake wakiingia zizini. Ukaniambia, "Khocha, hata ukisikia ni sauti yangu, kama inauliza nambari, kata!" Sasa si umekata?

Kosa ni langu, na ni kosa la mkwe. Mwezi uliopita nilinunua simu mpya. Unajua kwetu simu ya zamani haikai kwenye droo, inateremka. Safari hii Sellah aliamua iteremke hadi Lwakhakha, kwa mama yake. Mama mkwe, Pauline! Mtu ambaye kwa mila zetu sijampa mkono tangu nioe, na nikimwona njiani napinda ndani ya shamba la watu. Nitampaje simu yenye picha zangu za kaptura? Nikaifuta. Nikakataa kusaidiwa. Niliifuta mpaka ikaanza kuniuliza nataka lugha gani, kama ndiyo mara ya kwanza tunaonana, na jioni nikajisifu mezani. Kumbe ile programu nayo imekwenda na maji. Kwenye simu mpya nenosiri likakubali vizuri, halafu nikaulizwa nambari sita. Nitazitoa wapi?

Nilikwenda Lwakhakha. Mama mkwe akaweka simu kwenye kigoda katikati ya uwanja, akarudi kinyumenyume mpaka jikoni, ndipo nikasogea. Shemeji yangu Tonny akasimama katikati kama askari wa mpakani.

"Mwambie mkwe zawadi hairudi!" sauti ikatoka jikoni.

"Mama, anaangalia tu!"

Niliangalia. Nyeupe, kama sahani iliyooshwa. Mama wa saiba, pale pa kompyuta za kulipia hapa mjini, naye akaniuliza kama nilikuwa na bekapu, nakala ya akiba. Nikamwambia iko, iko Doha, inaitwa Pauline, na haipokei simu yangu.

Ninachotafuta kwenye akaunti hiyo si barua pepe, bana. Ni sauti ya mama yangu, bibi yako Kukhu Nakhungu. Zile siku zake za mwisho, alipokuwa akikaa juani akisimulia, mimi namrekodi, zote zimo ndani ya akaunti hiyo na si mahali pengine. Tarehe kumi na tatu Desemba tunaweka msalaba kwenye kaburi lake kule Chwele. Na mdomo wangu unaujua. Nilisimama kanisani nikatangaza kwamba siku hiyo Mama atawasalimia watu mwenyewe. Kaka yangu Hillary ameshakodi spika. Watoto waliozaliwa baada ya yeye kwenda wataletwa wamsikie.

Tangu hapo situlii. Naanika mahindi, naanua hata jua halijayagusa. Naenda zizini kumwona ng'ombe niliyetoka kumwona. Nimebahatisha nambari mpaka akaunti ikanifukuza siku nzima. Sellah anasema kuku anayetafuta pa kutagia ana amani kuliko mimi.

Lakini nakumbuka kitu. Krismasi ile, kabla hujafunga kompyuta, uliielekeza simu yako pia kwenye ile picha ya vimraba iliyounganisha programu na akaunti yangu. Nikakuuliza mbona.

"Naweka na kwangu, khocha, kwa sababu wewe nakujua."

Nilinuna kidogo. Leo nakuomba, fungua programu yako uone kama kuna mstari wenye jina langu. Kama uliufuta, niambie pia, nijue nitamwambia nini Hillary.

Usiniandikie nambari. Itakuwa imebadilika kabla hujafunika kalamu. Barua hii analeta Jerono, binti wa Kipkirui, anayerudi kazini huko Jumapili. Ukishasoma, wewe ndiye unipigie, kwa laini yangu ya siku zote, saa yoyote. Kompyuta iko mezani, haizimwi, na mimi siko mbali nayo.

Tena usiniamini kwa mwandiko tu, ingawa sijui nani mwingine anaweza kuandika vibaya hivi. Unakumbuka kuku wako, yule ambaye Kukhu alimuuza sokoni Chwele, ukalia mpaka ukatapika? Nilimkimbilia mnunuzi, nikamrudisha, tukamwingiza kwa nyuma ya jiko, tukamwambia Kukhu amerudi mwenyewe. Jina ulilompa kuku huyo siliandiki hapa, barua ina safari ndefu. Nikipokea simu, niulize hilo kwanza. Nikikosea, kata.

Na kuna jambo nililokuwa nimekufichia mpaka siku ya msalaba, lakini siwezi tena. Katika rekodi moja Kukhu anacheka mpaka anakohoa. Anasema hajawahi kuona kuku mwingine aliyetembea peke yake kutoka sokoni hadi nyumbani akiwa amefungwa miguu. Alijua, Pauline. Miaka hiyo yote. Halafu anakuita jina lako, ananyamaza, kama anayengoja uitike.

Mama yako anakusalimu sana, na Hillary, na Tonny, na binti yetu Ivy anayeuliza utakuja lini. Mama mkwe anakusalimu pia, kutoka mbali, inavyotakiwa. Mungu akushike mkono kwenye kila zamu, mgongo upone, na mlango wako usikose mtu wa kwenu wa kuubisha.

Wako akupendaye, na ambaye ni yeye kweli,

Khocha Mukhisa