Mtaa Usiotajwa

Houston, 9 Machi 1992

Kwa Mjomba Alcide,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima na kwamba goti lako limetulia. Mimi mzima, ila maharage ya huku hayaliki. Nilipomwuliza mpishi ametia nini akanijibu, "Chumvi. Kwani ulitaka dhahabu?"

Simu umeikataa, basi nakuandikia. Kanda yetu imeshika moto! Tunaiuza kutoka kwenye buti la gari, na kila tukisimama kujaza mafuta watu wanatuzunguka. Hata huku wanawajua Watatu wa Fontaine: Dorian anazungusha santuri, mimi nafoka mashairi, Percy anaita. Wanaoupenda zaidi ni ule wimbo wa kuita mitaa. Percy anataja mitaa ya New Orleans mmoja mmoja, na watu wa mtaa uliotajwa wanaruka mpaka sakafu inalia. Mitaa yote imo, isipokuwa Marais, na sababu unaijua. Wao ndio waliompiga Dorian kwa nondo akapoteza jicho. Hatujawatukana, Mjomba. Tumewaruka tu.

Watu wa kampuni ya muziki wametuita. Tuombee.

Mpwa wako,
Numa


New Orleans, 2 Juni 1992

Mpwa wangu Numa,

Marahaba. Goti ni la mzee, halitapona, nami sitalisema tena. Nashukuru kwamba u mzima.

Unasema hamkuwatukana, mmewaruka tu. Wewe umelelewa na mpiga ngoma wa mazishi. Unajua kwamba bendi yetu hupita mitaa yote, ya rafiki na ya hasimu, na hakuna mlango inaoukwepa. Mwenye karamu akiita majirani wote akamwacha mmoja amesimama ugani, amemtukana zaidi ya kama angefungua kinywa.

Jumapili iliyopita palikuwa na sherehe pale mpakani, kati ya majengo yetu na yao. Wimbo wenu ukapigwa. Vijana wa Marais walicheza na wenzao huku wakingoja zamu yao. Mitaa ikatajwa, ikatajwa, na wimbo ukaisha. Kijana mmoja wa mtaa wetu wa Fontaine akawacheka: "Mnangoja nini nyie? Kwani Marais ni mtaa au jalala?" Akasukumwa, akasukuma, kisha bastola zikatoka pande zote mbili. Watoto waliingia chini ya magari. Moshi ulipotoweka, Lucien, mwana wa Bi Hortense wa Marais, alikuwa amelala kifudifudi juu ya meza ya kaa wa kuchemsha, damu yake ikichuruzika pamoja na mchuzi. Alikuwa na umri wa miaka kumi na saba. Mkononi alikuwa ameshika gando la kaa.

Nilimpigia ngoma. Baada ya maziko Bi Hortense aliniuliza, "Alcide, mpwa wako halijui jina la mtaa wetu? Mbona amekulia uani kwangu?"

Mama yako alipokuwa akikata roho aliniomba jambo moja tu: "Kaka, huyu usije ukampigia ngoma." Niliapa mbele yake. Utajeni mtaa wa Marais. Ni neno moja.

Mjomba wako,
Alcide


Atlanta, 20 Januari 1993

Kwa Mjomba,

Shikamoo, na heri ya mwaka mpya. Samahani kwa kuchelewa. Mimi mzima, wenzangu wazima, na Percy amepata mtoto wa kike huko nyumbani, nadhani umemwona.

Habari za Lucien ziliniuma. Tulipoingia studio kuurekodi upya ule wimbo kwa ajili ya kampuni, niliwaambia tuongeze Marais. Dorian akaivua ile miwani yake nyeusi akanisogelea uso kwa uso. "Tazama shimo hili," akasema. "Ukishalijaza, ndipo tutaje Marais." Yule bwana wa kampuni alikuwa nyuma ya kioo, anakula. Akabonyeza kitufe akasema, "Vijana, ugomvi unauza. Amani waachieni wachungaji." Percy akacheka, akakamata kipaza sauti, akatunga palepale: "Marais? Mtaa gani huo? Mimi naona makaburi tu." Wote wakashangilia.

Ndivyo ilivyotoka, Mjomba, na ndivyo inavyopigwa sasa katika redio za kila mji. Jana watu walivunja vizuizi ili watuguse. Mtu mmoja alichomwa kisu mlangoni, na wenzake wakamruka ili waingie.

Percy anakuja huko kwa siku za Kanivali kumbeba mwanawe. Nimemkataza. Anasema mtu hawezi kuogopa mji unaoimba maneno yake.

Mpwa wako,
Numa


New Orleans, 1 Machi 1993

Mpwa wangu,

Pole. Najua umekwisha kuambiwa, lakini waliokuambia hawakuwapo, na mimi nilikuwapo kwa kinyozi, kwenye kiti cha pili.

Percy alikuwa amenyolewa nusu ya kichwa. Waliingia vijana wawili wamevaa barakoa za Kanivali, zenye manyoya ya dhahabu, na kwa kuwa mji mzima ulikuwa umevaa barakoa, hakuna aliyeinua macho. Mmoja akasema kwa upole, "Wewe ndiye unayeyaona makaburi?" Percy akamtazama kwenye kioo, akatabasamu, akadhani ni shabiki. "Ndiye mimi, kaka." "Haya, tutangulie utuonyeshe njia." Risasi ya kwanza ilipita shingoni ikavunja kioo. Alisimama na shuka la kinyozi likiwa limemfunga mikono, akajaribu kutembea kuelekea mlangoni. Wakammalizia sakafuni, juu ya nywele zake mwenyewe. Kisha wakaondoka wakicheza, wakaingia katika maandamano.

Mama yake alikataa azikwe nusu kapara. Kinyozi alikwenda kumaliza kazi yake chumba cha maiti, nami nilimshikia taa.

Usije kwenye matanga. Vijana wa Marais walisimama makaburini wakitazama nyuso.

Mjomba wako,
Alcide


New Orleans, 15 Septemba 1993

Mpwa wangu Numa,

Sijui hali yako, maana hujaandika tangu kifo cha Percy. Kama u mzima, naomba Mungu akuzidishie. Kama u mgonjwa, niambie nije.

Mwezi uliopita Dorian alionekana hapa. Jioni, kabla taa za barabarani hazijawaka, gari lilipita Marais polepole, na risasi zikamiminwa kwenye vibaraza vyote vya upande wa kulia. Watu walijilaza. Aliyebaki ameketi ni Mzee Théogène, kiziwi, ambaye alikuwa akimenya kamba wa baharini. Hakusikia gari. Alikufa na bakuli mapajani. Binti wa jirani yake amekatwa mguu.

Tangu siku ile, kila juma naitwa kuzika. Ngozi ya ngoma yangu imelegea, nami sipati nafasi ya kuikaza.

Nijibu swali moja: ulikuwamo katika gari lile?

Mjomba wako,
Alcide


Houston, 4 Oktoba 1993

Kwa Mjomba,

Shikamoo. Mwili mzima. Usingizi sina.

Sikuwamo. Dorian aliniambia, "Panda." Nikamwambia sipandi. Akacheka: "Basi kaa hapa ujifunze kusuka nywele." Tangu hapo tunasafiri pamoja, tunapanda jukwaani pamoja, lakini hatuongei. Alama ya kuanza ananipa kwa kidevu.

Kampuni imeweka picha ya Percy kwenye jalada na santuri zinakwisha kabla hazijapangwa. Sasa wametuandalia onyesho huko nyumbani, Novemba 27, katika ule ukumbi wa zamani wa mabondia. Mimi ndiye nitakayeita mitaa badala ya Percy. Nisipotokea, mkataba umevunjika na kila kitu ni chao.

Nilimwambia Dorian nataka kuitaja Marais, ili tufike mwisho. Hakukasirika. Alikuwa anapangusa santuri kwa kitambaa, na hakuacha. "Itaje," akasema. "Utasikia nitakachokujibu."

Nisipoitaja, Marais wataniua nikitoka. Nikiitaja, Fontaine wataniua ndani. Nifanye nini?

Mpwa wako,
Numa


New Orleans, 18 Oktoba 1993

Mpwa wangu,

Nimesoma barua yako mara nyingi. Shauri langu la kwanza ni kwamba usije. Waachie kampuni kila kitu. Ukafagie shule, ukaoshe magari, uzeeke. Hakuna aibu katika kuzeeka.

Lakini nakujua. Ukija, basi uitaje, tena uitaje ya kwanza, kabla chuki ya mtu haijapata nafasi ya kufika mkononi.

Nilikwenda Marais kwa miguu. Vijana walinizunguka. "Babu wa Fontaine, umekuja kupima majeneza?" Mwingine akasema, "Mwacheni, huyu mteja wetu. Sisi tunaua, yeye anapiga ngoma." Wakacheka sana. Ozanne, mwana mkubwa wa Bi Hortense, hakucheka. Niliwaambia kwamba ukiutaja mtaa wao, nataka waondoke ukumbini kimya. Wakaniuliza, "Na asipoutaja?" Nikasema, "Basi mimi nitakuwa nimesimama karibu naye, na risasi zenu hazichagui." Bi Hortense akatoka jikoni, akasema atakuja mwenyewe kukaa mstari wa mbele, na anayetaka kufyatua atapitisha risasi juu ya kichwa chake.

Mlangoni watapekuliwa wote. Nitakuwa jukwaani pamoja na ngoma. Nimewaambia wenye ukumbi kuwa ni sehemu ya onyesho.

Mjomba wako,
Alcide


Houston, 20 Novemba 1993

Kwa Mjomba,

Shikamoo. Mimi mzima leo.

Nakuja. Nitaitaja ya kwanza. Usisimame karibu nami.

Numa, mpwa wako


New Orleans, 12 Desemba 1993

Mpwa wangu Numa,

Nakuandikia huko hospitalini Houston walikokuhamishia, nikitumaini muuguzi atakusomea kama macho bado yana ukungu. Usijibu. Daktari ameniambia taya imefungwa kwa waya na ulimi umeshonwa.

Kaka yake Percy alifika huko akakueleza mambo tofauti, nasikia. Haya ndiyo niliyoyaona.

Ulisema, "Marais!" Upande wa kushoto, walikosimama vijana wa Marais, hakuna aliyeruka. Walitazamana kama watu walioitwa na hakimu. Bi Hortense aliinua mkono mmoja. Ukavuta pumzi ili utaje Fontaine. Hapo Dorian akaisimamisha santuri kwa kiganja, akatia mkono katika kisanduku cha santuri, akatoa bastola. Kisanduku hicho hakikupekuliwa. Nani humpekua mwenye onyesho? Nilimrushia kirungu cha ngoma. Hakikumpata. Alikupiga risasi tayani akilenga kwa lile jicho lake zima, karibu sana, na meno yako yakaruka juu ya ngozi ya ngoma yangu. Alipiga tena ukiwa chini, na ya pili ikapita begani.

Watu wetu wa Fontaine walishangilia, Numa. Si wote, lakini niliwasikia. Kisha wakaubana mlango wa nyuma ili wewe usitolewe nje. Ozanne ndiye aliyepanda jukwaani akakubeba begani, na wenzake wakamfungulia njia kwa viti na chupa. Watu wawili walikanyagwa wakafa ngazini. Bi Hortense alikuziba taya kwa skafu yake mpaka gari lilipofika.

Dorian amekamatwa. Usidhani mambo yamekoma. Juma lililofuata waliuawa wanne, wawili huku na wawili kule. Fontaine wamenivunjia mlango na kuichoma ngoma yangu kubwa barabarani. Sasa naishi Marais, chumba alichokuwa akilala Lucien. Uniandikie kwa anwani ya Bi Hortense.

Lakini u hai, na mimi sikukupigia ngoma.

Mjomba wako,
Alcide


Houston, 21 Februari 1994

Kwa Mjomba Alcide, na salamu zangu zote kwa Bi Hortense,

Shikamoo kwenu. Waya zimetolewa. Nakula uji na ndizi za kuponda. Nikizungumza, watu hunitazama midomo kama wanaosoma kibao cha mbali. Kufoka kumekwisha.

Bwana wa kampuni alikuja na maua. Akasema jina la Watatu wa Fontaine ni mali yao, na wamekwisha kupata vijana watatu kutoka Dallas ambao hawajawahi kuuona mtaa wetu. Wamejifunza namna Percy alivyokuwa akiita. Ananitaka niweke sahihi kwamba sina kinyongo. "Na risasi za ukumbini tumezirekodi vizuri," akaniambia. "Zitafungulia wimbo wa kwanza." Nilimtupia uji. Ni yote niliyoweza. Santuri hiyo wataitoa vilevile.

Mjomba, nataka kurudi. Nyumba sina, sauti sina. Uliponifundisha ngoma ndogo nilikuwa mvivu, lakini mikono bado inakumbuka. Bendi yenu ina nafasi? Mahakama ikinitaka niseme juu ya Dorian, nitaandika. Sijui nitaandika nini. Nikilala namwona akipangusa zile santuri.

Mpwa wako,
Numa


New Orleans, 1 Machi 1994

Mpwa wangu Numa,

Marahaba. Bi Hortense anakusalimu na anasema kitanda kipo.

Mahakama haitakuita. Dorian aliuawa gerezani Jumamosi iliyopita, kwa mpini wa mswaki ulionolewa. Wako wanaosema ni watu wa Marais, na wako wanaosema ni wetu, kwa kuwa aliwaaibisha kwa kushindwa kukuua. Mama yake alikuja hapa Marais kwa miguu, peke yake, mchana, akagonga mlango wa Bi Hortense. Hakuna mchungaji wa Fontaine wala bendi nyingine iliyokubali kumsindikiza mwanawe kaburini. Bi Hortense alimpa kiti na kahawa.

Nimemwambia mama huyo kwamba bendi yetu itakuja. Maziko ni Jumamosi hii, saa nne. Mpiga ngoma ndogo hatuna.

Kama unaweza, njoo. Shati jeupe, suruali nyeusi, na viatu vipakwe rangi kisawasawa, mpaka visigino. Tutaanza polepole, mlangoni kwa mama yake.

Mjomba wako,
Alcide