Sahani Namba 14 Ina Mgeni

Jumanne. Mvua imeupiga mtaa wetu wa Gungu tangu alfajiri, ikakoma ghafla saa nne, na sasa jua linawaka kana kwamba halihusiki.

Nianze na kosa.

Mimi ni karani wa maabara ndogo inayochunguza udongo. Wataalamu wanauchukua vijijini, wanaotesha ukungu wake kwenye visahani vya plastiki vyenye rojorojo, kisha wanatazama kama una dawa. Mimi naandika namba, mahali ulipotoka, na maelezo. Niko kwenye kipindi cha majaribio. Kinaisha mwezi huu.

Wiki mbili zilizopita umeme ulikatika nikiwa nakagua sahani. Nilishtuka, kiwiko kikagonga trei, vifuniko viwili vikateleza. Nikavirudisha gizani haraka haraka. Umeme uliporudi nikasoma namba, nikaona kifuniko cha 41 kiko juu ya 14, na cha 14 juu ya 41. Nikavibadilisha. Sikumwambia mtu.

Siku chache baadaye, kando ya ukungu wa 14 kukatokea doa jeupe linalong'aa, kama tone la uji. Bakteria.

Hapo karani anatakiwa aandike "imechafuka". Sahani iliyochafuka inachemshwa na kutupwa, lakini kwanza swali linaulizwa: nani alifungua? Kalamu ilinigomea. Nikaandika: "Ina mgeni."

Woga una adabu zake.

Mzee Hamisi, ambaye kazi yake ni kuchemsha sahani zilizoharibika, alisoma daftari akacheka mpaka akashika meza. "We karani! Mimi mtu wa Ujiji. Mgeni kwetu hachemshwi, anapikiwa." Akairudisha sahani kabatini. Nami nikanyamaza tena.

Jana Dokta Neema, mkuu wetu, akaikuta.

Aliniita nitazame. Ukungu ule, ambao siku zote ulikuwa wa kijivu, ulikuwa umejaa manjano kama mawese mapya, lakini upande mmoja tu: upande wa mgeni. Wala hawakuwa wamegusana. Dokta alikata kipande cha upande wa manjano na kipande cha upande wa kijivu, akaviweka kwenye sahani ya vijidudu vinavyoleta majipu. Leo asubuhi kuzunguka kipande cha kijivu kulikuwa na uwazi mwembamba kama uzi. Kuzunguka cha manjano, vijidudu vilikuwa vimekufa duara zima, pana kuliko kidole gumba changu.

Alinieleza taratibu, kama dada. Bakteria anatoa kemikali, inapenya kwenye rojorojo, ukungu unaipokea na kujua kuwa hauko peke yake. Ndipo unaamsha uwezo uliokuwa umelala ndani yake na kutengeneza kwa wingi kitu ambacho peke yake ulikitoa kwa kubana sana. Kwake ni silaha. Kwetu huenda ikawa dawa.

Sikuweza kuondoa macho. Hawana mdomo, hawana masikio, na bado mmoja kapiga hodi na mwingine kasikia. Nimepita juu ya udongo huu maisha yangu yote nikidhani umenyamaza.

Kisha Dokta akasema, "Mdogo wangu, kesho napanda boti kwenda Kagunga. Namba 14 ilitoka kule, kwa hiyo na huyu bakteria yuko kule. Nataka kujua anaishi na nani."

Kagunga ni safari ndefu ya ziwani, na angechimba bure. Namba 41 ni udongo wa Mwandiga, uliochukuliwa chini ya mchikichi. Mgeni alikuja na kifuniko nilichokikosea.

Niliondoka hadi mlangoni. Nikarudi. Nikasema yote kwa pumzi moja, nikitazama viatu vyake.

Aliigeuza namba 14 mkononi.

"Kwa hiyo ni wa Mwandiga?"

"Ndiyo, Dokta."

"Na ulikuwa unaniacha nipande boti?"

Mzee Hamisi, aliyekuwa anaosha chupa, akakohoa: "Angalau kasema kabla hujatapika, Dokta. Ziwa limechafuka."

Dokta hakucheka. Alinipa kalamu nyekundu akaniamuru niandike kosa kwenye daftari, kwa jina langu na sahihi. Kuhusu kipindi changu cha majaribio alisema ataamua mwisho wa mwezi, na kwamba daftari linalodanganya ni baya kuliko sahani iliyochafuka. Halafu akatoa namba 41 kabatini, na kando ya ukungu wa Mwandiga kulikuwa na doa lile lile, jeupe, linang'aa.

Tumewapanda upya, ukungu wa 14 na bakteria wa 41, kwenye sahani safi. Safari hii kwa makusudi.

Kwenye safu ya maelezo niliuliza niandike nini. Dokta alifikiri, akasema: "Andika ina mgeni. Ila na jina la aliyemleta."

Nimeliandika. Herufi zimepinda, lakini zinasomeka.